Povu Lisilosuuzwa

Msimu wa mabibo nyumba ya mama hunukia mpaka ndani ya ndoto. Nikienda kumwona kijijini Mnero nyakati hizo, nikajilaza mchana kwenye mkeka wa barazani, naota nakula mabibo, naamka na ukakasi wake mdomoni na wala sijaonja hata moja. Harufu yenyewe si tamu wala si kali. Ni ya tunda lililoiva likapitiliza kidogo, imechanganyika na vumbi la joto na moshi wa jikoni, na nikiisikia popote, hata katikati ya soko la Nachingwea, hupotea mawazoni kwa muda. Watu hunisemesha nisiwasikie. Mwalimu mwenzangu shuleni ninakofundisha huniambia mimi nimerogwa na mikorosho.

Mama hatengenezi uraka, ile pombe ya haraka ya mabibo. Hilo hulisema mapema, kabla mgeni hajakaa vizuri. Uraka hukamuliwa leo, kesho umechacha na watu wanaimba, keshokutwa hautamaniki. Yeye hutengeneza mvinyo. Ni mabibo hayohayo, lakini maji yake huyachanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ukakasi utuame chini, huyachuja kwa kitambaa, huweka sukari na hamira, kisha huyafungia ndani ya dumu mpaka Pasaka. Ukitoka humo una rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Kazi hiyo waliianza wawili, yeye na marehemu baba, na baba alipofariki akabaki nayo peke yake.

Mwaka juzi mvinyo ukageuka siki. Mwaka jana tena. Mama aliumwaga wote nyuma ya nyumba, dumu baada ya dumu. Jirani yake alisimama akitazama, akaziba pua na ncha ya khanga. Huyu ni mama wa Kiislamu ambaye mikorosho yake imepakana na yetu. Kila msimu, akishatoa korosho zake, humletea mama mabibo kwa ndoo, na kila msimu husema yaleyale: "Dada, mimi mabibo nimeleta. Yatakayoyapata humo ndani ya dumu ni baina yako na Mungu wako." Wanataniana hivyo tangu mimi mdogo. Siku ile ya kumwaga siki hakutania.

Kaka yangu anaishi Ruangwa mjini na mkewe. Si mtu mbaya, na ndiyo sababu maneno yake yaliuma. Mama haoni vizuri. Jicho moja lilipasuliwa likarudisha nuru nusu, na la pili daktari alisema tumechelewa.

"Tatizo siyo mvinyo, Mama," kaka alisema, madumu matupu yamepangwa mbele yetu. "Tatizo ni macho. Huoni uchafu unaobaki kwenye vyombo. Leo umeharibika mvinyo, kesho utatia sumu ya panya kwenye mboga ukidhani ni chumvi. Njoo ukae kwangu."

Mama aliyapapasa madumu, moja moja, kama anayahesabu. Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyemtuma aliseme. "Nipeni msimu mmoja, baba. Ukiharibika tena, nitafunga virago mwenyewe. Hamtanisukuma."

Mama akisema amesema. Hasira zangu za karibu nimezirithi kwake, na ubishi pia, kwa hiyo nilijua hapo hakuna wa kumrudisha nyuma. Niseme ukweli, niliogopa kwa ajili yake na niliogopa kwa ajili yangu. Nina chumba changu Nachingwea na kitanda kizuri tu, lakini usingizi wa mchana nimeuacha kwenye baraza ile. Mama angehama pale, sijui ningekwenda wapi nikitaka kuwa mtoto wa mtu.

Basi nikaanza kuulizauliza. Kwenye simu kuna kikundi cha watu wanaotengeneza mvinyo nyumbani, wengi wao wa choya na wachache wa ndizi. Mmoja wao aliniambia kwamba kinachogeuza mvinyo kuwa siki hakionekani hata na mwenye macho mazima. Akanielekeza dawa ya kutakasa vyombo, nikaiagiza Dar es Salaam, ikaja na basi. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa kali, ya jamii ya tindikali. Unachanganya kidogo sana kwenye maji mengi, unazungusha ndani ya dumu mpaka kila pembe ilowe, unaiacha kidogo, unamwaga, unajaza mvinyo.

"Halafu unasuuza," mama alisema nilipomsomea maelezo.

"Haisuuzwi."

"Haisuuzwi?"

"Ndiyo uzuri wake, Mama. Ukishaimwaga, basi."

Akaishika chupa, akaipeleka puani ikiwa imefungwa, akanirudishia. "Dawa ya watu gani hiyo," akasema, na hakuwa anauliza.

Jumamosi ile tulianza mapema, jua likiwa bado la njano na kuku wakiparua chini ya kichanja cha vyombo. Maelezo yalisema dawa haiondoi uchafu, inaua tu vijidudu vilivyobaki kwenye chombo kilichokwisha kuwa safi. Kwa hiyo mama aliosha madumu kwanza kwa sabuni na brashi ya mpini mrefu, akasuuza sabuni mpaka ikaisha, akaingiza vidole mdomoni mwa kila dumu akipapasa polepole. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu nikitafuta uchafu ambao macho yake yameuacha. Sikuuona. Nikahamia dumu la pili, nako sikuuona, na nikaanza kujiuliza kimoyomoyo kaka alikuwa amesema nini hasa.

Nikavaa glavu, nikapima dawa, nikaimimina kwenye ndoo ya maji ya kuchemsha yaliyokwisha kupoa. Nikatia dumuni, nikatikisa. Povu likapanda mpaka juu, jeupe na jepesi, likatokeza mdomoni mwa dumu na kukaa pale likipumua kwenye jua. Ndani yake mlikuwa na rangi za upinde wa mvua ndogondogo. Nilibaki nalitazama, na kwa muda nilisahau kwamba tuna kazi, nikawa mtoto anayepuliza sabuni kwenye bua la papai. Nilipozinduka nilimwaga dawa, nikaacha dumu kichwa chini lichuruzike, nikaingia ndani kuleta juisi ya mabibo iliyokwisha kuchujwa.

Niliporudi mama alikuwa ameshalisimamisha dumu. Ameshachota maji mtungini kwa kata, ameshamimina ndani, anasukasuka.

"Mama!"

"Lina povu," alisema kwa utulivu, kama mtu anayekuambia mvua inanyesha.

Nilipandisha hasira. Nilisema kwamba nimekaa wiki nzima nikisubiri mzigo stendi, kwamba nimemsomea maelezo neno kwa neno, kwamba yeye hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hayo ya msikitini niliyasema kwa sauti, jirani akayasikia toka shambani kwake, akacheka huko. Mama hakucheka. Aliweka kata chini.

"Mimi nimezaliwa Mandawa," alisema. "Kiangazi tulikuwa tunaondoka na ndoo alfajiri, tunarudi jua limesimama. Mgeni akija, mama yangu anachukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, kikavu kabisa, anakisuuza tena mbele ya macho ya mgeni, na yale maji anayamwaga. Maji ya kutoka mbali vile, yanamwagwa chini. Mgeni anaona anavyopendwa. Sasa wewe unataka nimpe mtu mvinyo uliokaa kwenye mapovu?"

Nilikaa kwenye kigoda nikiwa bado nimevimba, nikamwangalia, na ndipo hasira ilipoanza kuteleza na kitu kingine kikaja taratibu, kama usingizi unavyokuja.

"Mama, mwaka juzi ulisuuza hivi?"

"Kila mwaka nasuuza."

"Kwa maji ya mtungi?"

"Ndiyo maji mazuri. Ya baridi."

"Na enzi za baba?"

Akafikiri. Enzi za baba, akasema, ilikuwa hivyohivyo, isipokuwa mwisho kabisa baba alikuwa anamimina maji yanayotokota, anatikisa, anamwaga. Madumu yalikuwa yanakunjamana, yeye anacheka anasema wao wawili nao watazeeka hivyo. Baba alipoondoka, mama kwa macho yale aliogopa kubeba sufuria la maji ya moto. Akaishia kwenye kata.

Tulitazama mtungi wote wawili, ingawa mama alitazama zaidi upande uliko kuliko wenyewe. Ni mtungi wa heshima, umekaa kwenye mchanga wake kivulini, na maji yake ya kisima ninayapenda kuliko soda. Lakini hayachemshwi, na kata ile inashikwa na kila mpita njia mwenye kiu. Mama alikuwa anaosha madumu vizuri kabisa, halafu, kwa heshima, anayarudishia vijidudu kwa mkono wake.

"Kwa hiyo siyo macho," alisema.

"Siyo macho, Mama."

Aliinamisha kichwa, akashika goti lake kwa nguvu. Mabega yalitikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipokwenda kukaa karibu, nikaona ni vyote viwili. Misimu miwili alikuwa amejihukumu ndani kwa ndani kwamba ameanza kuwa mtu wa kuangaliwa. Nilimkumbatia nikiwa na glavu zangu za mpira, zinanuka sabuni, na nilimpenda siku ile kwa namna iliyoniumiza kifua.

Dumu lile tulilitia dawa upya. Safari hii mama aliomba ruhusa, akaenda kukaa kwenye mkeka, akaikalia mikono yake yote miwili mpaka juisi ilipokwisha kuingia. Alisema haiamini mikono hiyo.

Mpira wa dripu, mpya, nilioununua duka la dawa, ukatoka kwenye kifuniko cha dumu ukaishia ndani ya chupa ya maji, ili hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Usiku ule mvua ya kwanza ilipiga, na asubuhi dumu lilikuwa limeanza kuongea. Blup. Kimya. Blup. Siku zile ninazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa nzuri, kama ipo homa nzuri. Nilikuwa nafika Ijumaa jioni, nalala, nasinzia kwa sauti ile, naamka kwa sauti ile. Mama alikuwa anajua kwa sikio dumu lipi linakwenda haraka na lipi linavuta miguu.

Mapovu ya mvinyo yalipotulia, ilibidi kuuhamishia kwenye madumu mengine ili machicha yabaki chini. Nilimwahidi mama nitakuja kumsaidia, lakini bodaboda iliniweka njiani, barabara imelowa, tairi limekwama kwenye tope jekundu, na nikafika mchana. Alikuwa jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya manyunyu. Mbele yake ndoo, povu limejaa mpaka linamwagika, zito, na maji yake yanateleza kama ute. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Na pembeni, kifuniko kimeshafunguliwa, ilikuwepo ile dawa ya klorini anayoloweka mashuka meupe.

"Umewahi," alisema kwa furaha. "Nimeona hii yako ni kidogo mno, nimeongeza. Sasa nataka kutia na hii kidogo, zisaidiane."

Hasira zangu zote zilikauka. Nilimshika mkono uliokuwa na klorini, nikauweka chini polepole kama mtu anayepokea yai, nikafungua mlango, nikamkokota, karibu nimbebe, mpaka uani. Nilimwagia maji viganjani, mengi, yanatiririka mpaka miguuni. Tindikali ile na klorini zikikutana zinatoa hewa ya sumu inayoziba pumzi. Jikoni mule, mlango umefungwa, peke yake. Nilifikiri kaka alisema kweli, na wazo hilo liliniuma kuliko kitu chochote mwaka ule.

Nilimweleza tukiwa tumekaa barazani, viganja vyake nimevipaka mafuta. Dawa hii haisuuzwi kwa sababu ni kidogo. Ikiwekwa kwa kipimo chake, kinachobaki chomboni hakimdhuru mnywaji. Ikizidi, si dawa isiyosuuzwa tena, ni tindikali tu iliyoachwa kwenye chombo cha mtu. Na haichanganywi na dawa nyingine yoyote, hata iwe inauzwa duka moja nayo.

"Ungeanza na hayo," mama alisema.

"Nilikusomea."

"Ulinisomea ukiwa na haraka."

Hapo alinipata. Akakaa akisikiliza maji yakidondoka toka paani, kisha akasema kwamba yeye mistari ya kwenye kipimo haioni, na haitakuja kuiona, kwa hiyo tutafute namna ambayo maji yatamwambia yenyewe. Akaomba msumari. Nikapima maji kwenye ndoo nyeupe mpaka kiasi kinachotakiwa, nikaupasha msumari moto, nikatoboa tundu palepale usawa wa maji. Kuanzia siku hiyo anamimina maji taratibu akiwa amesogeza mguu chini ya tundu, na yakianza kumdondokea vidoleni anaacha. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa za kikohozi nilikikata kwa wembe kwenye mstari wetu, kikawa kifupi, kikijaa pomoni ndicho kipimo. Anavaa glavu, anashika kikombe juu ya ndoo, anajaza mpaka ncha ya kidole ilowe, anamimina. Muda wa kuacha dawa ndani ya dumu anausali, fungu moja la rozari bila kukimbia, na huo unatosha na kuzidi.

Chupa ya dawa tuliifunga kamba ya katani shingoni, mafundo makubwa yanayoshikika, ikapewa rafu yake mbali na chupa za maji. Klorini ikahamia kwa jirani. Jirani alipoelezwa asiiguse ile yenye mafundo alitikisa kichwa. "Nyumba hii chupa moja tu nilikuwa nimezuiliwa na dini," alisema. "Sasa nimezuiliwa na nyingine na shule." Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Niliondoka Jumapili nikiwa sina amani. Jumamosi iliyofuata, mama akisafisha madumu ya kuhamishia mvinyo, nilijificha nyuma ya mlango, ndiyo, nilimchunguza mama yangu kama mwizi. Alimimina maji. Yakamgusa vidole vya mguu, akaacha. Akapima dawa, akaitia dumuni, akavua glavu, akatoa rozari. Povu lilipanda likashuka. Mkono wake ulikwenda upande wa mtungi, ukasimama hewani, ukarudi mapajani. Nilirudi kwenye mkeka wangu kimyakimya, nikalala usingizi mzito.

Kuna miezi ambayo mvinyo hauna la kufanya ila kukaa, na mtu naye anakaa nao. Mvua zilipita, ufuta wa watu ukaota njia nzima, nikitazama toka kwenye bodaboda naona kijani tu mpaka macho yanachoka. Madumu yalinyamaza. Mama hakuyafungua kuonja, na mimi sikuthubutu kumwambia afungue. Kila nilipofika nilikuwa nasimama chumbani mule nikivuta hewa, natafuta harufu ya siki, na nikiitafuta sana nilikuwa naisikia. Nikitoka nje inapotea. Mama naye, najua, alikuwa ameshakunja mashuka yake mazuri na kuyaweka kwenye begi chini ya kitanda. Niliyaona nikifagia. Sikumuuliza.

Pasaka kaka alikuja na mkewe, wametoka misa. Alileta mchele, na mazungumzo yake yalikuwa ya chumba kilichopakwa rangi upya, dirisha linatazama mwembe wa kivuli, choo kiko ndani. Aliyasema kwa upole. Mama alisikiliza, akaitikia, akasema ni chumba kizuri. Kisha akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka chumba cha madumu, akarudi na chupa aliyoijaza mwenyewe asubuhi.

Alimimina glasi moja tu, akamkabidhi kaka. Shemeji yangu aliacha kupeta mchele. Kaka alinusa kwanza, na uso wake haukusema kitu. Akanywa kidogo. Akanywa tena, akaiinua glasi kwenye mwanga wa mlango, na mvinyo ulikuwa umetakata, naona kidole chake upande wa pili. Halafu akaimaliza, akaisogeza glasi kwa mama, akitaka nyingine.

Niliinuka nikaenda uani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kuonekana. Toka huko nilimsikia kaka akikohoa kidogo, kama afanyavyo akitaka kuomba kitu.

"Mama, nifungie chupa mbili niende nazo Ruangwa."

"Hauendi popote huu," mama alisema. "Ukiutaka, baba, uje uunywee hapa."

Mara ya mwisho kaka kuja ilikuwa siku ya madumu matupu, na wote tulijua. Mwishowe akauliza kama akija Jumapili ijayo ataukuta umebaki. Mama akamwambia hiyo itategemea atakavyowahi.